Ngazi ya Uongo

Hapana mtu asiyependa kujulikana. Mtoto mchanga akilia hutaka mama yake ajue kuwa yupo. Mzee akisimulia mambo ya ujana wake hutaka wajukuu wajue kuwa naye aliwahi kuwa kijana. Tamaa hii si dhambi. Ni kama njaa: huleta afya ikishibishwa kwa halali, na huleta fedheha ikishibishwa kwa haramu. Wahenga walisema kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini soko la dunia halifuati methali hii sikuzote. Mara nyingi kizuri hukaa kimya mpaka jua likachwa, hata atokee mtu mwenye maneno mengi akipigie debe. Na mpiga debe, ili auze, huongeza chumvi. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo kila kijana apendaye kuendelea yampasa alitafakari. Mtu akiinuliwa kwa uongo ambao hakuutunga yeye, lakini unamfaa, je, aukubali au aukatae?

Wengi watajibu upesi kuwa uongo ni uongo. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Halituambii ni nani aliyedhulumiwa na uongo huo, wala halituambii ni deni gani linalobaki baada ya sifa kupatikana. Ili tupime vema, na tutazame kazi moja ambayo watu huinuliwa humo kutoka chini hata wakaitwa nyota: kazi ya sinema.

Katika miaka ya 1940 mji wa Hollywood, huko Marekani, ulitoa sinema za namna ambayo Wafaransa, mwaka 1946, walizipa jina la filamu nyeusi. Jina hilo liliwafaa. Hadithi zake zilihusu wauaji, wapelelezi, wake wadanganyifu na watu wema walioteleza mara moja tu wakashindwa kurudi juu. Taa ilimulika upande mmoja wa uso, upande wa pili ukaachwa gizani. Kivuli cha mtu kiliangukia ukuta kikawa kirefu kuliko mtu mwenyewe. Baadhi ya waongozaji wa sinema hizo, kama Fritz Lang na Billy Wilder, walikuwa wameikimbia Ujerumani ya Hitler, na walijua kwa macho yao jinsi ustaarabu unavyoweza kugeuka giza kwa muda mfupi. Katika sinema hizo wachezaji waliokuwa hawajulikani sana walipata kujulikana dunia nzima.

Mmoja wao alikuwa mwanamke aliyezaliwa New York mwaka 1918 kwa jina la Margarita Carmen Cansino. Baba yake alikuwa mcheza ngoma kutoka Hispania, na binti alicheza pamoja naye jukwaani tangu utoto. Alipoingia Hollywood, wakubwa wa kazi waliona kuwa jina na sura yake vilikuwa na ugeni usiouzika. Jina la Cansino likaondolewa, akapewa jina la ukoo wa mama yake, akawa Rita Hayworth. Nywele zake nyeusi zilitiwa rangi, na zile zilizoshuka juu ya paji la uso ziling'olewa moja moja kwa umeme, kazi ya maumivu na ya siku nyingi, mpaka paji likawa pana kama walivyolitaka. Mwaka 1946 ilitoka sinema iliyoitwa Gilda, na nyota ya Rita Hayworth ikapaa. Mwaka 1949 aliolewa na Aly Khan, mwana wa Aga Khan wa Tatu, aliyekuwa imamu wa Waismailia, jamii yenye watu wengi katika Afrika ya Mashariki. Hivyo binti wa mcheza ngoma aliingia katika nyumba ya wakuu. Lakini Margarita Cansino alikuwa ameachwa mlangoni.

Yafaa tutenganishe mambo mawili hapa, maana wasomaji wengi huyachanganya. Mchezaji anapojifanya muuaji katika sinema hamdanganyi mtu. Mtazamaji ameingia kwa hiari, amelipa, na anajua kuwa damu anayoiona si damu. Huo ni mchezo, nao ni halali kama hadithi za bibi kando ya moto. Uongo huanza nje ya mlango wa sinema, pale watu wanapoambiwa kuwa mtu fulani ni wa asili fulani, hali sivyo, na wao wanaamini kuwa wanaambiwa kweli. Wala kubadili jina peke yake si kosa. Watu hupata majina mapya kwa ndoa, kwa dini na kwa mzaha. Wasomali hupeana majina ya utani ambayo mara nyingi huyashinda majina ya kuzaliwa kwa kujulikana. Lakini jina la utani hutolewa na watu wanaomjua mtu, nalo humwonyesha alivyo. Jina alilopewa Rita Hayworth lilitolewa na watu waliotaka asijulikane alivyo. Tofauti ni kubwa, kama ilivyo tofauti kati ya nguo inayositiri mwili na kinyago kinachoficha uso.

Sasa na tuje nyumbani. Mwaka 1975 msichana mmoja wa Kisomali alikuwa akisoma elimu ya siasa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Jina lake lilikuwa Iman Mohamed Abdulmajid. Alizaliwa Mogadishu mwaka 1955, baba yake alikuwa mwanadiplomasia, naye alisoma katika shule ya bweni huko Misri na kujua lugha tano. Mpiga picha wa Kimarekani, Peter Beard, alimwona Nairobi, akaomba kumpiga picha. Beard alikuwa mashuhuri kwa picha zake za wanyama wa Afrika, hasa za tembo waliokufa kwa njaa. Msichana alimjibu kama mwanafunzi mwenye akili: akataka alipwe fedha za karo. Kwa maelezo yake mwenyewe zilikuwa dola 8,000. Fedha zililipwa, picha zikapigwa, na kabla mwaka haujaisha msichana alikwisha kufika New York.

Mpaka hapo hapana baya. Mtu aliuza picha yake kwa bei aliyoitaja yeye, na fedha zikaenda katika elimu. Lakini magazeti ya Marekani hayakusimuliwa hivyo. Yalisimuliwa kuwa msichana huyu alikuwa mchungaji, aliyeonekana nyikani nyuma ya mifugo yake, asiyejua mambo ya mji. Hadithi ilipendeza, ikatembea. Mwanafunzi wa chuo kikuu akawa, kwa kalamu za wengine, kiumbe aliyevumbuliwa kama mto au mlima unavyovumbuliwa. Mzungu aliyetafuta wanyama alikuwa amepata, kwa maneno ya hadithi hiyo, kitu kingine cha ajabu katika nyika ileile.

Kwa nini hadithi hii iliuzika? Iliuzika kwa sababu wanunuzi walikuwa nayo tayari vichwani mwao. Mwongo hodari haleti kitu kipya. Humpa msikilizaji kile alichokwisha kuamini. Rita Hayworth alivuliwa ugeni ili auzike, na Iman alivikwa ugeni ili auzike. Mmoja alipunguziwa asili, mwingine akaongezewa. Njia ni mbili, lakini soko ni moja. Katika njia zote mbili aliyeulizwa alikuwa mnunuzi, na aliyepimwa, akakatwa na kushonwa upya, alikuwa mtu.

Msomaji wa Garissa, wa Wajir au wa Mandera akiisikia hadithi hii hukasirika, na hasira yake ni ya haki. Mchungaji wa Kisomali nyikani mwa Kenya: mtu aijuaye ramani atanyosha kidole wapi, ila katika nchi iliyo ng'ambo ya mto Tana? Jibu lake la kwanza huwa hili: "Hakuwa mchungaji! Alikuwa msomi!" Jibu ni la kweli. Hata hivyo lina mtego ndani yake, na wengi wetu tumenaswa humo bila kujua. Tukisema kwa kiburi kuwa hakuwa mchungaji, twakubali kuwa uchungaji ni aibu. Twamtetea mwanafunzi kwa kumkanyaga mama yake wa nyikani. Ule uongo wa New York, basi, ulikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ilisema kuwa msichana huyu ni mchungaji. Sehemu ya pili, iliyokuwa ya siri na yenye sumu zaidi, ilisema kuwa mchungaji hajui kitu. Hodari wa kukanusha sehemu ya kwanza ni wengi. Wa kukanusha sehemu ya pili ni wachache.

Na tuikanushe. Mchungaji wa nchi hii hutambua mvua ya Gu na mvua ya Deyr kwa upepo na mawingu kabla tone halijaanguka. Hujua kuwa ngamia hubeba mimba kadiri ya miezi 13, na kwamba kundi likipotezwa kwa ukame halirudishwi kwa msimu mmoja. Kwa hiyo hupanga mambo ya miaka, wakati mfanya kazi wa mjini hupanga ya mwezi. Hujua majani yapi huongeza maziwa na yapi huua. Huzisoma alama za moto katika ngozi za ngamia kama wewe unavyozisoma herufi hizi, na kwa alama hizo hutambua ukoo wa mwenye mali. Hujua kisima kipi ni cha nani, na zamu ya kunywesha ni ya nani, nayo ni sheria isiyoandikwa ambayo ikivunjwa humwaga damu. Mwanamke wa nyikani hujenga nyumba kwa miti aliyoipinda na mikeka aliyoisuka, huivunja, huipakia juu ya ngamia na kuijenga tena mahali pengine. Hana cheti cha uhandisi, lakini nyumba yake husimama. Watu hawa hukariri nasaba zao vizazi na vizazi, na hutunga mashairi ambayo huenda mbali kuliko magari. Nani atathubutu kusema kuwa hawajui kitu? Soko la mifugo la Garissa hulisha miji mikubwa kwa nyama, na watu wanaokula nyama hiyo ndio wanaomwita mwenye nayo mjinga.

Twaona sasa ni nani aliyedhulumiwa. Mwanafunzi alidhulumiwa, maana elimu yake ilifichwa. Mchungaji alidhulumiwa zaidi, maana elimu yake ilikanwa, naye hakuwapo New York kujitetea. Na nchi nzima ilidhulumiwa pamoja nao. Uongo hupenda mahali pasipofikika. Tangu zama za ukoloni, kwa sheria za miaka ya 1920 na 1930, nchi hii ya mpaka wa kaskazini ilifungwa, mtu asiingie wala asitoke ila kwa ruhusa. Mwishoni mwa mwaka 1963 ikatangazwa hali ya hatari, na sheria zake hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Mahali palipofungwa namna hiyo huwa kama ukuta mtupu: kila mwenye taa huweza kuangusha juu yake kivuli akitakacho. Mmoja aliangusha kivuli cha shifta, mwingine cha mkimbizi, mwingine cha msichana mzuri asiyejua kusoma. Tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, dunia ililisikia jina la mji huu kwa siku chache na kulihusisha na kifo tu. Wachache walikumbuka kuuliza kwa nini vijana wengi hivyo kutoka pande zote za Kenya walikuwa wamekwenda huko. Walikwenda kutafuta elimu, na Garissa iliwapokea.

Sharti sasa tuwasikilize wale wenye rai nyingine. Wa kwanza husema: msichana wa miaka 20, mgeni katika mji mgeni, angefanya nini? Uongo haukuwa wake. Angesimama mbele ya magazeti na kumkanusha mtu aliyemleta, angerudishwa nyumbani siku ileile. Hoja hii ina uzito, na hakimu asiyeupima uzito huo si mwadilifu. Lawama ya kwanza ni ya mtunzi wa uongo. Lawama ya pili ni ya waliounyanyua bila kuuliza, ingawa kuuliza ndiyo kazi waliyolipwa kuifanya. Mtu aliyepandishwa juu ya ngazi ya uongo usiku, bila kuona, hawezi kuhesabiwa sawa na aliyeiunda ngazi. Lakini kukipambazuka akaiona, hapo ndipo wajibu wake unapoanza.

Wa pili husema: matunda yalikuwa mema, basi tusahau mti. Ni kweli kuwa matunda yalikuwa mengi. Iman akawa miongoni mwa wanamitindo mashuhuri kabisa wa zama zake. Akaingia katika sinema pia: mwaka 1985 alionekana katika Out of Africa, iliyopigwa Kenya, na mwaka 1987 katika No Way Out, sinema iliyotokana na kitabu kilekile kilichozaa The Big Clock ya mwaka 1948, moja ya zile filamu nyeusi tulizozitaja. Mwaka 1994 alianzisha kampuni ya vipodozi kwa ajili ya wanawake wenye ngozi nyeusi na za rangi nyingine ambazo maduka yalikuwa yamezisahau. Lakini hoja hii ya matunda ni ya hatari. Tukiikubali yote, kila mwizi atajenga msikiti au kanisa kwa mali ya wizi na kudai kuwa amesamehewa. Tunda jema halimtakasi mwongo. Humpa tu nguvu za kulipa deni lake.

Na deni hili hulipwaje? Hulipwa kwa ukweli usemwao hadharani, kwa sauti kubwa kama ile iliyosema uongo. Hapa Iman anastahili heshima. Hakuiacha hadithi ya nyikani imfuate mpaka kaburini. Aliisimulia habari ya baba yake, ya chuo chake na ya karo yake, tena na tena, mbele ya wale wale waliokuwa wamependezwa na uongo. Na kitabu alichokitoa mwaka 2001 kilibeba jina linalosema waziwazi kuwa yeye ni Iman. Sifa yake haikupungua. Hilo latufundisha kuwa uongo haukuwa nguzo ya nyumba yake, bali ulikuwa kamba waliyoifunga wengine, na ilipokatwa nyumba ilibaki imesimama. Njia ya mwongo ni fupi; msafiri wa kweli huiacha mapema na kufuata nyingine.

Yupo mwingine aliyekwenda mbali zaidi. Halima Aden alizaliwa mwaka 1997 katika kambi ya Kakuma, Turkana, kwa wazazi wa Kisomali waliokimbia vita, akalelewa Marekani tangu alipokuwa mtoto. Mwaka 2016 alishindana katika mashindano ya urembo ya jimbo la Minnesota akiwa amevaa hijabu, jambo lililokuwa halijaonekana huko, na milango ya magazeti na majukwaa ikafunguka. Lakini kidogo kidogo aliona kuwa hijabu yake ilikuwa ikibadilishwa na wengine, hata haikuwa tena ile aliyoijua. Mwezi wa Novemba 2020, akiwa na miaka 23, alitangaza kuwa anaiacha kazi ile. Hakusubiri ngazi ivunjike. Alishuka kwa miguu yake mwenyewe, watu wakimtazama.

Kijana msomaji, usidhani kuwa mambo haya ni ya New York na Hollywood tu. Siku hizi kila mwenye simu ana sinema yake mfukoni, na kila siku huchagua upande wa uso atakaoumulika. Mwanafunzi wa Mandera afikapo Nairobi huona haya kuitika kwa lugha ya mama yake mbele ya wenzake. Huyo ang'oa nywele za paji lake kama Rita Hayworth. Mwingine aandika barua ya kuomba ufadhili. Anajua kuwa wafadhili hupenda machozi, basi anaifanya nyumba yao kuwa kibanda, anamfanya baba yake mvivu, na ukame wa mwaka mmoja anaufanya wa miaka kumi. Karo anaipata. Lakini amemvika baba yake matambara mbele ya wageni, na mzee hajui.

Ukitaka kujua kama hadithi unayosimuliwa juu yako ni ya halali, pana kipimo kimoja ambacho hakihitaji kitabu. Jiulize: je, naweza kuisimulia hadithi hii kisimani, mbele ya wazee wangu, kwa lugha yao? Hadithi iliyo ya kweli yaweza kusemwa kisimani na ikasemwa New York bila kugeuzwa neno. Ile inayoweza kusemwa mbali tu, mahali ambapo jamaa zako hawasikii, imewauza.

Kutafuta sifa si kosa, na kupenda kuwa nyota si kosa. Wahenga walituonya tu tusisafirie nyota za wenzetu. Wakasema pia kuwa mkataa kwao ni mtumwa, nao walijua vema utumwa ni nini. Mtumwa hupewa jina na mwenye kumnunua, na huelezwa sokoni kwa maneno ya mwenye kumuuza. Mtu huru hujitaja mwenyewe. Akitajwa kwa uongo leo, na asiwe na nguvu ya kukanusha, avumilie huku akihifadhi ukweli moyoni; na siku atakapopata nguvu, kazi yake ya kwanza iwe kurudisha heshima ya wale ambao heshima yao ilitumiwa kumpandisha.